Jedwali la chama na taarifa ya benki

Bila shaka mtaani kwako yuko mtu aliyechaguliwa kuwa mweka hazina wa chama kwa sababu moja tu: ana kompyuta. Kila mwisho wa mwezi huketi na taarifa ya benki upande huu na lahajedwali upande ule, akinakili tarakimu moja moja hadi macho yamuume. Ikiwa ni wewe, au ni mama yako na wewe mwanafunzi ndiwe uitwaye kumsaidia, acheni kunakili. Lahajedwali laweza kwenda lenyewe kuzichukua hesabu pale zilipo.

Benki nyingi humruhusu mteja kupakua taarifa yake katika faili ya CSV, yaani maandishi matupu ambamo koma hutenganisha jina, tarehe na pesa. Zitengee faili hizo folda moja. Katika Excel, chini ya neno Data, kuna njia ya kuliunganisha jedwali na folda hiyo. Utalionyesha mara moja tu jinsi ya kuzipanga. Mwezi ujao unatia faili mpya humo, unabonyeza Refresh, na mistari inaingia yenyewe.

Hapo ndipo wengi hushangilia mapema. CSV haisemi hii ni nambari ya simu na hii ni pesa. Jedwali hukisia tu. Simu inayoanza kwa 07 hupoteza sifuri yake kwa kudhaniwa ni hesabu. Tarehe ni balaa zaidi. Sisi huanza na siku, Wamarekani huanza na mwezi. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani ikikuta 03/04/2025 itasoma Machi 4, na mchango wa Aprili utaingizwa Machi. Ikifika 13/04/2025 hushindwa kabisa, maana hakuna mwezi wa 13. Basi mama aliyelipa kwa wakati huonekana mdaiwa, na mnajua wenyewe jinsi mikutano ya vyama inavyochemka.

Liambie jedwali mapema: safu hii ni maandishi, ile ni tarehe ya mpangilio wa Kenya. Hata wanasayansi wamesumbuliwa na ukisiaji huu. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha kadhaa. SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiigeuza kuwa tarehe ya Septemba!

Mtego mwingine ni mistari inayopotea kimyakimya. Mwaka huo huo wa 2020, maabara za Uingereza zilikuwa zikituma matokeo ya Covid-19 kwa CSV, nayo idara ya afya ya umma ikiyaingiza katika faili za Excel za aina ya zamani, XLS, zisizobeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku. Wenyewe walikuwa wameambiwa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta waliokutana nao ilichelewa, na ugonjwa haungoji. Faili za sasa, XLSX, hubeba mistari 1,048,576.

Chama chako hakitafika huko, lakini faili moja yaweza kuwekwa kwenye folda nyingine kwa haraka, na hakuna kengele itakayolia. Kwa hivyo kila ubonyezapo Refresh, hesabu mistari ya benki na ya jedwali, ukiacha ule wa vichwa, kisha linganisha salio la mwisho hadi senti. Ukikosekana hata mmoja, usiuandike kwa mkono ndani ya jedwali, kwani Refresh ijayo yaweza kuufuta. Rudi kwenye folda uitafute faili.