Aliyekanyagwa na Ndovu Haulizwi Alivaa Nini

Zaidi ya nusu ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta ni mbuga za Tsavo, Mashariki na Magharibi, na wenyeji wanaishi katika vipande vilivyobaki, wakizungukwa na wanyama. Ndovu akishuka Sagalla au Kasigau akamkanyaga mama aliyekuwa akirudi kutoka shambani, kijiji kizima husimama upande wa marehemu. Hakuna anayeuliza kwa nini alipita njia ile, alikuwa na nani, au alikuwa amevaa nini. Lawama huenda moja kwa moja kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeandika waziwazi kwamba jamaa zake wanastahili fidia ya shilingi milioni 5. Fidia yenyewe huchelewa, tena huchelewa miaka, lakini msingi wake haupingwi na yeyote: mtu ana haki ya kupita, na mwenye dhamana ya hatari hiyo ndiye wa kujibu. Sasa mchukue mama huyohuyo, mshushe kwenye basi mjini Voi saa nane za usiku, avamiwe na mwanamume kabla hajafika lojing'i. Maswali yote ambayo hayakuulizwa juu ya ndovu yatamwagika hapo. Alikuwa akienda wapi saa hiyo? Kwa nini hakuwa na mtu? Alivaaje?

Nyuma ya maswali hayo kuna imani moja iliyoenea kote, kutoka vijijini mwetu hadi kwenye vitabu vya mwongozo wa watalii, kwamba mwanamke msafiri huwa salama akijichunga. Imani hiyo ina mafiga matatu: usisafiri peke yako, usifike usiku, vaa kwa heshima. Mama humwambia bintiye, mwenye hoteli humwambia mgeni, askari humwambia aliyekuja kushtaki. Wengi wanaosema maneno haya huyasema kwa upendo, na sitaki kuwadharau. Lakini nasema imani hii si kweli, na ubaya wake si kwamba haisaidii tu. Inawaondolea mzigo watu ambao kwa sheria na kwa mshahara wanapaswa kuubeba, ikamtwika abiria.

Tuanze na saa. Voi iko kilomita zipatazo 330 kutoka Nairobi na kama 150 kutoka Mombasa. Basi likiondoka Nairobi saa tatu usiku na kwenda mwendo halali, litaingia Voi kati ya saa nane na saa tisa. Hiyo ni hesabu ya barabara, haihusiani na tabia ya mtu. Mji huu umezaliwa na njia: reli ya kwanza ilifika hapa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, tawi la kwenda Taveta likajengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na hadi leo hapa ndipo anaposhuka mtu wa Mwatate, wa Wundanyi, wa Bura, na hata anayevuka mpaka kwenda Moshi. Treni ya asubuhi inayosimama vituo vya kati ipo, na imekuwa nafuu kubwa, lakini muuguzi anayetoka zamu jioni, au mfanyabiashara anayetaka kuwahi soko la Taveta, hawezi kila mara kuitolea safari siku nzima ya kazi. Kumwambia mwanamke wa Taita asifike Voi usiku ni kumwambia asifike kwao. Na mji wenyewe haulali: madereva wa matrela wako macho, vibanda vya chai viko wazi, bodaboda wanangoja. Mwanamume akishuka saa hiyohiyo tunamwita msafiri.

Figa la pili ni wenzi wa safari. Mnamo Mei 2005 msichana Mmarekani wa miaka 18, Natalee Holloway, alipotelea katika kisiwa cha Aruba, Bahari ya Karibi. Hakwenda peke yake. Alikuwa na wanafunzi wenzake zaidi ya 100 waliokuwa wamemaliza shule pamoja, na watu wazima wa kuwaangalia. Ilichukua hadi 2023 kwa Joran van der Sloot kukiri kwamba ndiye aliyemuua. Karibu na kwetu, Agosti 2013, wasichana wawili Waingereza waliokuwa wakijitolea Zanzibar walimwagiwa tindikali katika Mji Mkongwe. Walikuwa wawili, bega kwa bega, mahali penye watu. Sisemi kwamba mwenzi hana faida; nasema kwamba mwenzi hakulindi na mtu ambaye ameshaamua kudhuru na anaamini hatashikwa. Hesabu anayopiga mhalifu ni ya kushikwa, na kushikwa si kazi ya abiria.

Figa la mavazi ndilo lililovunjika hadharani zaidi. Mwaka wa 2014 wanawake walivuliwa nguo katika vituo vya matatu, na tarehe 17 Novemba mamia wakaandamana Nairobi wakidai kwamba nguo ni uamuzi wa mvaaji. Wakati ule wengi walibishana kuhusu urefu wa sketi. Julai 2017, mahakama ilipofika mwisho wa kesi ya mmoja wao, abiria aliyevuliwa nguo Githurai, ilionekana kitu ambacho mabishano ya sketi yalikuwa yamekificha. Waliotiwa hatiani kwa kumvua na kumwibia abiria yule walikuwa dereva wa gari, kondakta wake na mfanyakazi wa kituo cha mafuta. Hawakuwa wahuni waliotoka gizani. Walikuwa kazini, kila mmoja ana tajiri wake, na gari lina mmiliki na namba. Walihukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu, na vifungo virefu juu yake kwa makosa mengine. Bunge nalo lilikuwa limeshatunga, Desemba 2014, kifungu kinachofanya kumvua mtu nguo kuwa kosa la hadi miaka 20 jela. Sheria haikutaja sketi popote. Hata Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyopiganiwa bungeni na Njoki Ndung'u, inazuia maisha ya nyuma ya mlalamikaji yasigeuzwe ushahidi dhidi yake bila idhini ya mahakama. Kwa hiyo sheria yetu imeshaiacha imani hii. Ni sisi mitaani, na baadhi ya askari kwenye meza ya malalamiko, ambao bado tumeishikilia.

Kuna wanaosema: basi abaki nyumbani. Uchunguzi wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wakiwa na miaka 15, na kwa waliowahi kuolewa, aliyetajwa zaidi kuwa mtendaji ni mume au mwenzi wa sasa, akifuatwa na wa zamani. Agnes Tirop alikimbia Olimpiki ya Tokyo 2021, akaenda Ujerumani mwezi wa Septemba akavunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, akarudi salama. Oktoba alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Paris Agosti 2024; mwanzoni mwa Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, akafa siku chache baadaye. Wanawake hawa walizunguka dunia wakarudi wazima. Mifano hii haithibitishi kwamba barabara ni salama, lakini inatosha kuwanyamazisha wanaoiita nyumba kimbilio kana kwamba jambo hilo halihitaji ushahidi.

Imani hii ina faida, ila faida hiyo haimfikii msafiri. Humfikia anayetaka uchunguzi usifanyike. Septemba 1988 Mwingereza Julie Ward aliuawa Maasai Mara, na maelezo ya kwanza ya wakuu yalikuwa kwamba ameliwa na simba. Ripoti ya daktari aliyekagua mabaki, iliyosema viungo vimekatwa, ilibadilishwa. Ilibidi babake aje mwenyewe kutafuta ukweli, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Simba alibebeshwa kosa la binadamu kwa sababu simba hashtakiwi. Kumlaumu mwanamke mwenyewe kunafanya kazi ileile: faili linafungwa kabla ya kufunguliwa.

Usalama hutoka wapi, basi? Tazama kituo cha reli ya kisasa, SGR, hapa Voi. Abiria hukata tiketi kwa namba ya kitambulisho, hukaguliwa, hukaa kiti chenye namba, na kila mhudumu ana sare na anajulikana. Mwanamke akiwa ndani ya treni hategemei busara yake, anategemea utaratibu. Akitoka langoni, utaratibu unakatika. Kituo kiko nje ya kitovu cha mji, na safari yake inakabidhiwa bodaboda ambaye jina lake halijaandikwa popote. Reli hiyohiyo ilipopita Tsavo, wahandisi walijenga mapito ya chini ili ndovu wavuke bila kugongwa. Sina ubaya na ndovu, na mapito yale yalistahili kujengwa. Lakini nchi iliyoweza kukaa chini na kufikiri ndovu atapita wapi, ina uwezo wa kufikiri mwanamke atapita wapi kutoka langoni hadi mjini.

Nitaambiwa pesa hazipo, na askari hawawezi kuwekwa kila kichochoro. Hoja hii ilitolewa pia juu ya matatu kabla ya 2004. Hayati John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, hakuweka askari ndani ya kila gari. Aliwalazimisha wamiliki wafunge mikanda na vidhibiti mwendo, na dereva na kondakta wavae sare na beji. Gharama iliwaangukia wanaopata faida, na kwa muda ambao sheria zile zilisimamiwa kwa dhati, kila abiria aliona tofauti. Hatujawahi kuwaambia abiria wajifunze kuanguka vizuri gari likipinduka. Kuhusu taa, Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, na usafiri wa umma wa barabara. Zimetajwa kwa jina. Kwa hiyo taa kati ya mahali mabasi ya usiku yanaposhusha watu na mahali wanapolala ni wajibu wa kikatiba, na mjumbe wa bunge la kaunti anayeuita fadhila arudi kuusoma ukurasa ule.

Wengine wataniletea tahadhari: je, nawafundisha mabinti uzembe? La. Afungaye mlango wake anafanya vyema, lakini mwizi akivunja mlango hatumpeleki mwenye nyumba mahakamani kwa kuwa na komeo dogo. Tahadhari ni hiari ya msafiri, na wanawake wanaijua kuliko sisi tunaowahubiria. Shida huanza pale inapogeuzwa sharti la kupata haki.

Nzito zaidi ni hoja ya dini, nami naijibu kwa heshima kwa sababu Voi na Taveta zina waumini wa kweli, Waislamu na Wakristo. Suala la maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume wa kumsindikiza mwanamke safarini, limejadiliwa na mafakihi kwa karne nyingi, na wa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata pwani, walimruhusu mwanamke kwenda Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, wakiiweka amani ya njia katikati ya hoja. Oktoba 2022 waziri wa Hija wa Saudi Arabia alitangaza kwamba mwanamke anaweza kwenda bila maharimu. Lakini ushahidi ulio mkubwa kwangu ni wa zamani zaidi: hadithi ya Adi bin Hatim, ambamo Mtume alibashiri kwamba mwanamke atasafiri kutoka mji wa Hira hadi Makka akizuru Al-Kaaba bila kumwogopa yeyote ila Mungu. Safari yake imetajwa kama dalili ya nchi iliyotulia. Naye msomaji wa Biblia akifungua Waamuzi, sura ya tano, atakuta kwamba dalili ya nchi iliyoharibika ni njia kuu kuachwa na wasafiri kupita vichochoroni. Hadithi na Biblia zote mbili zinaipima nchi kwa njia zake.

Na vichochoro tunavyo. Mpaka wa Taveta na Holili una kituo cha pamoja, na kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za hadi dola 2,000 hupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Bado kuna wanawake wanaobeba vitunguu na nyanya kwa njia za panya, ama kwa kutojua haki hiyo, ama kwa kuchoka kusumbuliwa. Huko hakuna kamera, hakuna afisa mwenye jina kifuani, na akidhuriwa ataogopa hata kushtaki. Kila afisa anayemdai mama chochote kisicho halali kwenye kaunta anamsukuma porini, na yatakayompata huko yanamhusu afisa huyo.

Ninachokitaka kwa Kaunti ya Taita Taveta ni kidogo na kinapimika. Mabasi ya usiku yashushe abiria mahali pamoja penye taa na mlinzi. Bodaboda wa kituo cha treni na wa steji waandikishwe, wavae vizibao vyenye namba inayosomeka usiku. Kila lojing'i iwe na orodha ya wafanyakazi wake, na leseni isihuishwe bila orodha hiyo. Dawati la jinsia katika kituo cha polisi lifanye kazi saa nane za usiku kama linavyofanya saa nne asubuhi. Bajeti ijayo ikisomwa bila mambo haya, wawakilishi waulizwe kwa majina yao.

Na wewe dada, au mama, ambaye yamekufika kabla hayo hayajatimizwa: hujakosa lolote. Nenda hospitali ya serikali kwanza, iwe ni ile ya Rufaa ya Moi hapa Voi au iliyo karibu nawe, kabla ya kuoga, na nguo ulizovaa zitie katika mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Matibabu hayo ni bure kwa sheria. Namba ya msaada ni 1195. Kuipiga hakulipishwi, na hupokelewa usiku na mchana.