Nguo za kizamani zitoke kashani, lakini zipite majini na juani kwanza



Mavazi ya miaka ya 1950 na 1960 yamerudi. Ukihudhuria walima siku hizi hukosi kumwona binti aliyevaa gauni refu la marinda ambalo bibi yake alishonewa ujanani, au kijana aliyevalia koti la babu yake juu ya kanzu ya darizi, na kichwani kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Wapo wanaozitafuta kanga za zamani kwa ajili ya rangi na misemo yake. Ama wale ambao wazee wao hawakuacha kasha, hao hupekua mabelo ya mitumba Manzese au Gikomba mpaka wapate gauni la kiuno chembamba na sketi pana, mshono wa wakati ule.

Huenda msomaji akauliza: hili linaihusu vipi safu ya afya na usafi? Linaihusu sana. Nguo ni kitu kinachogusa ngozi mchana kutwa, na nguo iliyolala kashani miaka hamsini haitoki humo kama ilivyoingia. Rai yangu naitanguliza mapema ili tusipotezeane muda: nguo za kizamani ni neema na zivaliwe, tena zivaliwe siku za kawaida, zisingoje harusi tu. Lakini isivaliwe hata moja kabla haijafuliwa na kuanikwa. Na nguo iliyokaa na vidonge vya nafthalini isimkaribie kabisa mtoto mchanga.

Kwa nini zivaliwe

Wako wanaodhani kuvaa nguo ya zamani ni dalili ya ufukara. Hao wanakosea. Fundi wa zamani aliacha upindo mpana ndani ya mshono ili nguo iweze kupanuliwa mwenyewe akinenepa, na akamalizia ndani kama alivyomalizia nje. Mafundi wa pwani yetu waliiga mishono ya filamu za Kihindi na za Kimisri, lakini walishona kwa kipimo cha mwili wa mteja mmoja, si kwa namba za kiwandani. Nguo nyingi za wakati ule ni za pamba, na pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa. Katika joto letu hili la pwani, hiyo ni afya tosha. Mwenye mwili unaowasha kwa jasho na anayesumbuliwa na fangasi kwenye mikunjo ya ngozi atapata nafuu zaidi ndani ya gauni la pamba la bibi kuliko ndani ya nguo mpya ya plastiki iliyombana.

Isitoshe, mavazi mengi ya kipindi kile ni mapana na marefu, yanasitiri. Binti anayelalamika kwamba madukani hapati nguo ya heshima inayopendeza, pengine nguo hiyo anayo nyumbani, chini ya uvungu wa kitanda cha bibi yake.

Na dini yetu haikuona aibu katika nguo kuukuu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliwatolea watu shuka nzito na vazi lililotiwa viraka, akawaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alifariki akiwa amevaa nguo hizo mbili. Mbora wa viumbe alivaa viraka. Sisi tunaona haya kuvaa gauni zima? Wakati huohuo Mtume (S.A.W.) alimkemea mtu aliyemwona na nguo chafu, akashangaa kama mtu yule hakupata cha kufulia nguo zake. Hadithi hiyo imo kwa Abu Daud. Tukiziweka pamoja hadithi hizi mbili tunapata kanuni nzima ya somo letu: ukuukuu si aibu, uchafu ndio aibu. Na katika Suratul Muddaththir, miongoni mwa maamrisho ya mwanzo kabisa aliyopewa Mtume (S.A.W.), limo la kuzitoharisha nguo zake.

Tahadhari moja tu: asiivae mtu kwa ajili ya kujionyesha. Mtume (S.A.W.) ameonya juu ya vazi la kutafutia umaarufu, na onyo hilo linaihusu nguo ya mwaka 1955 kama linavyoihusu ya mwaka huu.

Harufu ya nafthalini si usafi

Sasa tuingie katika jambo lililonifanya niishike kalamu. Nyumba nyingi zimezoea kuhifadhi nguo kwa vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyouzwa kuwa dawa ya mende na nondo. Kasha likifunguliwa harufu inajaa chumba kizima, na watu husema, "Nguo zimetunzwa hizi." Ifahamike kwamba harufu ile ni dawa yenyewe. Vidonge vile haviyeyuki kuwa maji, bali hugeuka hewa kidogokidogo, na hewa ile huingia katika nyuzi za nguo. Anayeivaa nguo huivuta puani, na sehemu yake hupenya kwenye ngozi.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishia kuumwa kichwa na kichefuchefu. Lakini wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ni kuzikinga chembe nyekundu za damu. Upungufu huu hurithiwa, huwapata zaidi wanaume, na umeenea zaidi katika nchi ambazo malaria imekaa kwa karne nyingi, ikiwemo pwani yetu. Wengi walio nao hawajijui, maana siku za kawaida hawana ugonjwa wowote. Watu hawa wakivuta nafthalini, chembe zao nyekundu hupasuka kwa wingi. Damu hupungua, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na macho huwa ya manjano.

Anayekuwa hatarini zaidi ni mtoto mchanga. Ini lake bado changa, haliwezi kuiondoa ile rangi ya manjano inayotokana na chembe zilizopasuka. Rangi hiyo ikizidi hupanda hadi kwenye ubongo, nayo huweza kuua au kumwachia mtoto uziwi na ulemavu wa maisha. Hili si jambo jipya. Mwaka 1963 madaktari wa Ugiriki waliandika habari za watoto wachanga 21 waliopasuka chembe za damu kwa kuvuta nafthalini iliyotoka katika nguo na mablanketi ya nyumbani. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku vidonge vya nafthalini mwaka 2008. Kwetu sisi bado vinauzwa dukani karibu na peremende, na mtoto anayetambaa anaweza kukiona kidonge akadhani ni pipi, akakimeza.

Hebu tazama mazoea yetu. Mama akijifungua, bibi hufungua kasha kwa furaha, akatoa kanga zake laini za zamani, kwa kuwa ni kweli kanga kuukuu ni laini kuliko mpya. Mtoto hupakwa mafuta mwili mzima, kisha akaviringishwa kanga ile, akafunikwa mpaka kichwani. Mafuta yale huisaidia nafthalini kupenya kwenye ngozi. Bibi amefanya yote haya kwa mapenzi, wala hakuna wa kumlaumu. Lakini mapenzi bila elimu yanaweza kudhuru, na aliyeelimika akinyamaza, lawama ni zake.

Mkwe anaogopa kumwambia mama mkwe, "Kanga hizi zina dawa." Namshauri aseme kwa adabu, au amwombe mumewe aseme. "Mama, kanga zako nzuri mno, naomba nizivae mimi arobaini ikisha, mtoto tumfunge hizi tulizofua jana." Hapo heshima imebaki na mtoto amesalimika.

Ikiwa mtoto mchanga ameonekana kuwa wa manjano machoni au mwilini, analegea, analala mno, ananyonya kwa shida, amepauka au mkojo wake ni mweusi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asingojewe jua la asubuhi, wala asipewe dawa ya kienyeji. Na mama amweleze mganga kama nguo za mtoto zilikuwa na nafthalini, kwa sababu habari hiyo itamsaidia kuujua ugonjwa.

Namna ya kuziandaa nguo

Nguo ikitoka kashani, itoe nje ya nyumba kabla hujaikung'uta. Ukiona madoa meusi au ya kijani, hiyo ni koga, na vumbi lake huamsha pumu. Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Atakayeifanya ajifunge kitambaa puani.

Kisha ijaribu rangi. Lowesha pembe moja ya ndani, ibonyeze kwa kitambaa cheupe. Ikichuja, ifuliwe peke yake kwa maji baridi. Nguo ya pamba isiyochuja iloweke kwa sabuni, ifikiche taratibu, isuuzwe mara mbili au tatu mpaka maji yawe meupe. Usitie dawa ya kung'arisha, kwani nyuzi za zamani zitakatika. Nguo ya hariri na ya sufi isiloekwe muda mrefu wala isikamuliwe.

Penye alama ya damu au najisi nyingine, kwangua kwanza, halafu osha kwa maji. Wanazuoni wameeleza kwamba rangi inayobaki baada ya mtu kujitahidi haidhuru, na swala inasihi.

Anika kwenye kamba, usitandaze majanini wala chini. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ndani ya ngozi. Kwa hiyo ipige pasi ya moto kila nguo inayoihimili, hasa kwenye mishono. Nguo ya rangi igeuze ndani nje ili jua lisiipaushe.

Iliyokuwa na nafthalini ifuliwe na kuanikwa siku kadhaa. Kipimo chako kiwe pua: maadamu harufu ipo, dawa ipo. Wala usiifukizie udi kabla haijafuliwa. Udi ni kitu kizuri na manukato ni sunna, lakini kazi ya udi ni kuipamba nguo safi, si kuificha nguo chafu.

Za mitumba nazo

Wapo wanaouliza kama inafaa kuswali na nguo ya mtumba kutoka Ulaya. Mtume (S.A.W.) alivaa na kuswali katika juba la Sham, wakati Sham ilikuwa bado chini ya Warumi. Asili ya nguo ni tohara mpaka najisi ithibitike. Lakini tohara ya kisheria haiondoi ulazima wa kufua kwa ajili ya afya. Kupe wadogo wa upele huweza kuishi nje ya mwili siku mbili hadi tatu, na muuzaji hajui nani aliijaribu nguo ile jana yake. Ifunge ndani ya mfuko siku nne, kisha ifue na kuipiga pasi. Nguo za ndani za mitumba zisinunuliwe kabisa, hata ziwe nzuri vipi.

Akina mama wanaopenda magauni mapana ya nailoni wasiyavae jikoni. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na marinda hufika kwenye jiko la mkaa kabla mwenyewe hajatambua.

Kabla ya kuirudisha kashani

Nguo ihifadhiwe ikiwa safi na kavu kabisa, bila wanga, kwa sababu wadudu hufuata jasho na wanga. Weka karafuu kavu au majani makavu ya mwarobaini ndani ya kitambaa, na ulifungue kasha mara kwa mara lipate hewa. Kuliko yote hayo, kinga bora ni kuivaa. Nondo hupenda nguo iliyosahauliwa. Inayovaliwa, kufuliwa na kuanikwa kila mwezi hawapati nafasi ya kuikalia.

Neno la mwisho ni kuhusu nguo za marehemu. Baadhi yetu huziogopa, wakadhani mauti yanaambukiza kwa kanzu. Huo ni ushirikina mtupu. Nguo ikifuliwa imefuliwa. Wengine, kinyume chake, huzichukua siku ya tatu ya msiba bila kumuuliza mtu. Hao wakumbuke kwamba nguo ni sehemu ya mirathi, hata iwe kanga moja, na warithi ndio wenye haki ya kuigawa au kuitoa sadaka.

Ndugu msomaji, mwishoni mwa wiki hii lifungue kasha. Vitoe vile vidonge, vifukie mbali na watoto na mbali na kisima. Zifue nguo, zianike, halafu mpe binti yako gauni moja na umhadithie lilishonwa wapi na lilivaliwa siku gani. Naye akilivaa kwenda sokoni au madrasa, atakuwa amevaa nguo safi, yenye stara, na isiyomgharimu baba yake hata senti.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.