Kanzu haitoshi kuongoza shule

Saa mbili asubuhi, ofisi ya mkuu wa shule ya kanisa tayari imejaa. Mzazi anaomba kulipa ada kwa awamu, mpishi anadai maharage, wadhibiti ubora wameshapiga hodi. Mwalimu wa fizikia naye ameaga. Amepata ajira serikalini.

Hayo hayatatuliwi kwa sala peke yake.

Bado majimbo na dayosisi nyingi humpa mtu shule kwa sababu ni padri, sista au mchungaji mwadilifu. Uadilifu ni lazima, lakini bajeti, sheria za kazi na usimamizi wa walimu ni taaluma. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, kinachomilikiwa na maaskofu Katoliki, hufundisha shahada ya uzamili katika menejimenti na mipango ya elimu. Huko imani na mahesabu hukaa dawati moja.

Tatizo ni ada ya masomo hayo. Mwalimu wa shule ya misheni, kwa mshahara wake, atajisomesha vipi?

Maaskofu watenge fungu la kuwasomesha wakuu wa shule, walei wakiwamo, kabla ya kujenga bweni jingine.