Hakathoni ya dunia nzima: tusome kanuni kabla ya kuanza kazi

Vijana wengi wa makanisa yetu, toka Bunia mpaka Uvira, wanasikia habari za mashindano yanayoitwa hakathoni. Kikundi kinatunga programu ya kompyuta au ya simu kwa muda uliopangwa, pengine siku mbili, pengine wiki kadhaa, kisha kinaituma kwa intaneti ili waamuzi waipime. Zawadi inaweza kufika maelfu ya dola. Tangazo linasema kwamba dunia nzima inaalikwa. Lakini anayekubaliwa na anayekataliwa wanajulikana katika kanuni, na hizo ni wachache wanaozisoma.

Mengi ya mashindano hayo hupita katika jukwaa la Devpost la Marekani, na kanuni zake hufanana. Mshiriki awe amefika umri wa utu uzima katika nchi anamoishi. Kwetu ni miaka 18. Kazi iwe mpya, iliyofanywa ndani ya muda wa shindano. Maelezo yawe kwa Kiingereza. Saa ya mwisho mara nyingi ni ya Marekani: saa kumi na moja jioni ya California, wakati wa kiangazi chao, kwa Goma ni saa nane za usiku unaofuata. Tena, kujiandikisha hakulipiwi. Mtu akiwaomba dola 20 za kuingiza jina, mjihadhari naye.

Kuna pia orodha ya nchi zinazokatazwa. Cuba, Irani na Korea ya Kaskazini hutajwa mara nyingi kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kongo iko tofauti: vikwazo vinavyoihusu vinalenga watu na vikundi vilivyotajwa kwa majina, si nchi nzima. Hata hivyo kila shindano lina orodha yake, na inafaa kuitazama kila mara.

Ugumu wetu mkubwa uko kwenye malipo. Tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23, mwezi wa kwanza na wa pili 2025, benki za huko zilifunga milango. Hapo jaribu linaingia: kijana anaandika kwamba anaishi Gisenyi kwa binamu yake, ili pesa ipate pa kupitia. Lakini kabla ya kulipwa, mshindi huombwa kitambulisho, na asiye Mmarekani hujaza fomu ya kodi iitwayo W-8BEN, yenye anwani ya makao yake, akitia sahihi kwamba asemayo ni kweli. Uongo ukigunduliwa, kikundi chote kinaweza kuondolewa, pamoja na wale wasiojua lolote.

Hatusemi kwamba mzigo huu umegawanywa kwa haki. Kanuni hizo zimeandikwa na watu wenye benki karibu na nyumba zao. Wanaoalika dunia nzima wangepaswa kueleza mapema jinsi wanavyomlipa mtu wa mji usio na benki. Lakini upungufu wao hauufanyi uongo wetu kuwa kweli.

Njia ya haki ipo. Kikundi huruhusiwa kuchagua mwakilishi anayepokea zawadi na kuwagawia wenzake. Anaweza kuwa mwenzao anayeishi kweli Kampala au Kinshasa, mradi awe amefanya kazi nao. Mgawanyo uandikwe kwenye karatasi na wote watie sahihi kabla ya kuanza. Tena waandaaji waulizwe mapema, kwa maandishi, kama wanaweza kutuma pesa Kongo, na jibu litunzwe.

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama ya mnara wake. Katika kila parokia yuko mwalimu anayesoma Kiingereza. Wazee wa kanisa wamwombe alasiri moja akae na vijana, wazipitie kanuni mstari kwa mstari, kabla kijana hajakesha usiku hata mmoja.