Viazi Visivyopata Kiazi

Wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huwaachia wengine masuala ya programu za kompyuta, na hasara yake si ndogo. Pachukuliwe mfano wa Kibirichia, Meru, eneo linalosifika kwa kilimo cha viazi. Ikiwa mkulima wa huko ameandaliwa makala ya Kiswahili mtandaoni yenye viungo 200, kila kiungo hapana budi kioanishwe na maelezo yaliyomo katika faharasa ya istilahi 5,000 inayoletwa kutoka kwenye seva.

Mwanaprogramu asiye makini atakipitisha kila kiungo katika faharasa nzima. Ulinganishaji huo waweza kufikia mara 1,000,000, na simu ya bei nafuu itahema. Dawa yake inajulikana: data iletwe mara moja, kisha istilahi zipangwe katika muundo uitwao Map, uliomo katika JavaScript tangu mwaka 2015. Istilahi huingizwa mara 5,000, viungo huuliza mara 200, basi.

Lakini kasi si hoja kuu. Map hulinganisha herufi kwa herufi. Kiungo kikiwa "viazi" na faharasa ikiwa na "kiazi", jibu ni kwamba neno halipo. Nalo hutolewa upesi ajabu! Hata "ng'ombe" mwenye ritifaa iliyonyooka si "ng’ombe" mwenye ritifaa iliyopinda. Herufi kubwa, nafasi za ziada na ritifaa husawazishwa kwa amri chache. Ngeli je? Yupo atakayesema vi- igeuzwe ki- kila ionekanapo. Huyo atapata "kita" kutokana na "vita", na "vyakula" vitamponyoka, kwa kuwa umoja wake ni "chakula".

Hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilionyesha wingi wa nomino tangu toleo la 1981, malighafi ipo. Idara za Kiswahili ziandae orodha ya umoja na wingi, na maumbo yote mawili yaelekezwe kwenye kidahizo kimoja. Funguo zitakaribia 10,000, gharama ambayo simu haitaihisi, na atakayebofya "viazi" atafikishwa kwenye "kiazi". Vitenzi ni mzigo mwingine: kulifikia "panda" kutoka "hawakuvipanda" hakuna orodha itakayotosha, na kazi hiyo yahitaji uchanganuzi wa mofolojia ambao mwanaprogramu pekee hataumudu.