Apareyi ya sandika: lenzi moja nyepesi, na isitoke mahali pake

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama zetu mnaoponda mawe hapa Munigi, siku hizi komite nyingi zinachanga pesa ili kununua apareyi ya foto. Ni jambo jema. Lakini pesa ya makotizasio ikishafika mezani, mabishano yanaanza. Vijana wanataka lenzi kubwa kama mkono, ile waliyoona kwa watalii na wajurnaliste waliopanda Nyiragongo kupitia Kibati. Wazee wanasema telefone inatosha. Mimi ninasema pande zote mbili zitatupotezea pesa. Tununue lenzi moja ya zumu, nyepesi, inayoanza karibu na kufika mbali kiasi, na tukishaifunga kwenye apareyi tusiitoe tena.

Tuanze na kazi yenyewe. Delege wa usalama anatoka Munigi asubuhi juu ya moto, mufuko mgongoni. Anapita Sake, anapanda Mushaki, anaenda hadi Rubaya. Siku ingine anachukua boti hadi Minova na kupanda milima ya Numbi. Akishuka kwenye moto anatembea tena kwa miguu, kwenye udongo unaoteleza. Anatakiwa kurudi na foto za namna tatu. Ya kwanza ni ya mlima mzima, ili mtu wa ofisi aone mashimo yako wapi, na udongo uliochimbwa umelundikwa wapi juu ya vichwa vya watu. Ya pili ni ya mdomo wa shimo: miti ya kushikilia udongo, kamba, pompi ya hewa. Ya tatu ni ya vitu vidogo: namba ya etiketi kwenye mufuko wa madini, ufa kwenye ukuta, kamba iliyokatika. Lenzi inayoweza hizo tatu ndiyo lenzi yetu. Zingine ni za watu wengine.

Telefone siidharau, kila mtu iko nayo. Lakini telefone nyingi za bei yetu, ukivuta picha kwa vidole, hazileti kitu karibu. Zinakata kipande cha picha na kukikuza tu, na namba ya etiketi inabaki kama moshi. Kisha tunatumiana kwa WhatsApp. WhatsApp inapunguza uzito wa foto, na inafuta maandishi ya ndani yanayoonyesha siku na saa foto ilipopigwa. Kuna wakati nilisindikiza wajane wawili kwenye ofisi moja hapa mjini. Walikuwa na foto za shimo lililoangukia mabwana zao, foto zilizopita kwenye telefone za watu watano. Mtu wa mezani akauliza: nani anahakikisha hili ni shimo lile, na ni mwezi huu? Hakuna aliyejibu. Mama hao walirudi nyumbani mikono mitupu. Kama hauna njia ingine isipokuwa WhatsApp, tuma foto kama dokima, si kama foto ya kawaida. Hapo maandishi yake yanabaki. Lakini apareyi ya kweli inaweka foto kwenye kadi yake, na kadi hiyo unaweza kuifungua mbele ya mtu yeyote.

Sasa lenzi. Namba zinazoandikwa juu yake, kwa mfano 18-140, ni milimita. Namba ndogo inaona pana, namba kubwa inavuta mbali. Nitawapa hesabu kwa miguu yetu, juu ya apareyi za kawaida ambazo si za bei ya juu kabisa. Ukisimama mita 3 mbele ya shimo na kuweka 18, picha inachukua upana wa karibu mita 4. Mdomo wote wa shimo unaingia, na watu wanaosimama kando. Ukisimama mita 100 kutoka ukuta wa mlima, kwa 18 unapata upana wa mita 130. Bila kusogea hata hatua moja, ukivuta hadi 140, unapata upana wa mita 17 tu. Kwa mita 17 unaona wazi mtu, kamba yake, na kama iko na kasiki kichwani ao hapana. Na kwa kitu kidogo, lenzi nyingi za namna hii zinashika vizuri hata kitu kilicho chini ya nusu mita. Etiketi inasomeka.

Uzito nao tuupime. Canon iko na 18-150 ya apareyi zake mpya zisizo na kioo cha ndani, ina gramu 310. Nikon iko na 18-140 ya gramu 315. Sony iko na 18-135 ya gramu 325. Hazifiki hata nusu kilo ya sukari. Za zamani kidogo, za apareyi zenye kioo, ambazo mara nyingi tunaziona kwa okazioni, zinakaribia nusu kilo: Canon 18-135 gramu 480, Nikon 18-140 gramu 490. Lenzi hizi za kufanya yote si uvumbuzi wa jana. Tamron ya Japani ilitoa 28-200 yake mwaka 1992, na ndiyo iliyozoesha watu wengi wa safari kuacha mufuko wa lenzi tatu nyumbani.

Vijana wataniuliza: kwa nini usichukue ile ya 18-300, ao 18-400? Zipo, Tamron hiyohiyo ilizitoa. Lakini ya 300 ina gramu 620, na ya 400 inafika karibu gramu 700. Lenzi za wajurnaliste, 70-200 zenye mwanga mwingi, zingine zinakaribia kilo moja na nusu, na zenyewe haziwezi kupiga shimo ukiwa mita 3. Unalipa zaidi, unabeba zaidi, na kile unachoongeza ni kuona mtu kutoka mlima mwingine. Nani katika kazi yetu anahitaji kuona mchimbaji kutoka mlima mwingine? Mtu wa kuchunguza, siyo mtu wa sandika. Na hivyo ndivyo watu watakavyokusoma. Kwenye barieri, lenzi ndefu inayotoka kwenye mufuko inaleta maswali kabla haujafungua mdomo. Kwa PDG wa shimo ni vilevile: akiona bomba jeusi linamwelekea kutoka mbali, atafukuza timu nzima. Lenzi ndogo unaingia nayo mbele ya watu, unasalimia, unaomba ruhusa.

Ruhusa hiyo si adabu tu. Mwaka 1904, kule Baringa katika nchi hii yetu, mke wa mumisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alipiga foto ya mwanaume aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake. Ilikuwa wakati wa mpira wa Leopold. Foto hiyo na zingine zake zilizunguka makanisani na kwenye mikutano Uingereza na Marekani, na ni kati ya vitu vilivyosukuma hadi mfalme akaachilia Kongo mwaka 1908. Marekani kwenyewe, Lewis Hine alipiga watoto waliokuwa wanafanya kazi kwenye makaa ya mawe ya Pennsylvania, mwaka 1911, na foto hizo zilisaidia waliopigania sheria ya kazi ya watoto. Wote wawili hawakuwa na zumu hata kidogo. Walikaribia watu, wakauliza majina, wakaandika. Kama Nsala asingekuwa na jina wala kijiji, Leopold angesema ni mchezo wa kuigiza.

Narudi kwa lenzi yetu, juu ya sababu ile ninayoiona kubwa kuliko zote, na ambayo kitabu cha muuzaji hakiisemi kwa nguvu: vumbi. Sisi hapa tunaishi juu ya mawe ya volkano. Yale yaliyoshuka tarehe 17 Januari 2002 yalipita hapahapa Munigi, yakaingia Goma, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ulimwaga tena, ukasimama Buhene. Mawe hayo tunayaponda, chukudu na malori yanayasaga barabarani, na vumbi lake jeusi ni kali kama vipande vya chupa. Kwenye karieri utapata vumbi lingine, jekundu na jeupe, lenye mchanga mgumu. Kila mara unapotoa lenzi na kuweka ingine, unafungua tumbo la apareyi, na vumbi linakaa juu ya kapta, pale mwanga unapoingia. Kesho kila foto iko na madoa kwenye mbingu, na mtu asiyetupenda atasema imechezewa. Mwenye lenzi tatu anafungua tumbo hilo mara kumi kwa siku. Mwenye lenzi moja hafungui. Kweli, lenzi ya kuvuta nayo inapumua kidogo kila unapoivuta, kwa hiyo usiivute na kuirudisha ovyo kwenye upepo. Weka filtre ya wazi mbele. Na vumbi likikaa juu ya kioo usipanguse na shati. Lipulize kwanza kwa kipira cha hewa, kisha kitambaa laini.

Iko na ubaya wake, sitauficha. Lenzi hizi zinaruhusu mwanga kidogo. Ukiwa kwenye 18 namba ya mlango wa mwanga ni 3.5. Ukivuta hadi mwisho, nyingi zinaanguka hadi 5.6 ao 6.3. Kwa 6.3 mwanga unaoingia ni kama theluthi moja ya ule wa 3.5. Kwa hiyo penye giza usivute, karibia wewe mwenyewe na ubaki kwenye 18, ao tumia flashi. Zile herufi IS, VR, OSS zinasaidia mkono unaotetemeka. Haziwezi kusimamisha mtu anayekimbia. Mwenye studio mjini atakuambia foto zake za harusi zinatoka nzuri zaidi na lenzi isiyovutika. Ni kweli, lakini bibi arusi hateremki mita 20 kwa kamba.

Ubaya mwingine ni hatari kwetu kuliko giza. Kwenye 18, lenzi hizi zinapinda mistari iliyo kwenye kingo za picha. Apareyi nyingi za sasa zinarekebisha zenyewe, za zamani hapana. Sasa fikiria unapiga miti ya kushikilia udongo ili kuonyesha kama imeinama. Mti ulio kando ya picha utaonekana umeinama hata kama umesimama. Mwenye shimo akileta mtu anayejua foto, ushahidi wako umeisha. Mti unaotaka kuonyesha uweke katikati, rudi nyuma, na uvute hadi 35 ao 50. Hapo mstari unabaki wa kweli. Hili ningependa kila delege alijue kabla ya kujua kifungo kingine chochote.

Kununua: wengi tutanunua okazioni, mjini ao kwa mtu anayeleta kutoka Kampala ao Dubai. Lenzi ya Nikon haiingii kwa Canon, na hata ndani ya Canon, lenzi ya apareyi mpya haiingii kwa ile ya kioo. Kwa hiyo nunua vyote pamoja, ukijaribu hapohapo. Angalia kupitia lenzi ukielekea mwanga: kama kuna utando kama wa buibui ndani, ni ukungu, unatoka kwa unyevu wa ziwa na milima yetu, na hauponi kwa kupangusa. Izungushe toka mwanzo hadi mwisho, ikikwaruza acha. Iinamishe chini: ikiwa inaanguka yenyewe hadi mwisho, imechoka. Piga kitu cha karibu na cha mbali mara kadhaa, usikilize kama inatafutatafuta. Nyumbani ilale kwenye boksi linalofunga, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyotoka kwenye viatu vipya. Usitumie muchele, unga wake unaingia.

Mwisho, namna ya kupiga. Kanuni za madini zinasema mchimbaji wa mikono asizidi mita 30 kwenda chini. Watu wanabishana kila siku kama shimo lina 25 ao 50. Chukua kamba yenye fundo kila mita moja, na kitambaa chekundu kila mita kumi. Iteremshe na jiwe, piga foto pale inapogusa mdomo wa shimo, kwa 18 pamoja na watu waliokubali kusimama, kisha vuta upige fundo peke yake. Sura za watoto usipige. Piga mikono ao miguu, na umri uandike. Saa ya apareyi iwekwe sawa kabla ya kuondoka Munigi. Katika kayé andika namba ya foto, shimo, jina la aliyekuwepo na kama amekubali jina lake litoke. Kadi ziwe mbili: moja kwa katibu, na nakala ilale kwa nyumba ingine.