Nyumba na Afya: Maji Machafu na Kisima cha Jirani

Askari mwenye kutunza mshahara wake hutamani siku moja kujenga nyumba ya matofali kijijini kwao. Humo huweka bafu na choo cha kuvuta maji, ili jamaa zake wapate raha. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini swali moja husahauliwa mara nyingi: maji yakishatumika, yaenda wapi?

Katika vijiji vingi vya Uganda nyumba hukaa mlimani, na kisima huwa bondeni karibu na mafunjo. Askari mmoja aliyekuwa likizoni alichimba shimo lake la maji machafu hatua chache juu ya kisima. Bibi mmoja jirani akamwendea, akamwambia, "Mwanangu, nyumba yako ni nzuri, ila sisi twateka maji chini yako." Askari akajibu, "Mama, usiwe na hofu. Tangi ni la saruji, halivuji."

Tangi kweli halikuvuja. Hata hivyo bibi alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu tangi hufanya nusu tu ya kazi. Ndani yake maji hutulia kwa muda wa siku moja au zaidi. Uchafu mzito huzama na kuwa tope, mafuta huelea juu, na vijidudu visivyohitaji hewa hulila tope hilo polepole. Maji yanayotoka upande wa pili huonekana yametulia, lakini bado yana viini vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Nusu ya pili ya kazi hufanywa na udongo, pale maji yanapoingia katika shimo la kunyonya lililojazwa mawe. Udongo ukipewa nafasi ya kutosha huyachuja. Ukinyimwa nafasi, viini hufika kisimani.

Kwa hiyo yafaa shimo la kunyonya liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, tena lisiwe upande wa juu wake. Chini ya shimo pabaki udongo mkavu wa mita 2 hivi kabla ya kufikia maji ya ardhini. Maji ya mvua yasielekezwe katika tangi, maana huyasukuma machafu yatoke kabla ya kutulia. Mafuta ya taa na oili ya gari yasimwagwe humo, kwani huviua vijidudu vinavyofanya kazi. Tope likifikia thuluthi moja ya kina, tangi lipakuliwe. Mfuniko uwe mzito kiasi cha mtoto kushindwa kuufungua, na mtu yeyote asishuke ndani, kwa kuwa hewa yake huua.

Mama asiye na choo cha maji naye anayo kazi. Maji ya kuogea na kufulia yakiachwa uani huwa dimbwi la mbu na nzi. Shimo dogo lenye mawe latosha, na migomba iliyopandwa kandokando hunywa maji hayo na kustawi. Maji ya vyombo yapitishwe kwanza katika kopo lenye matundu na nyasi kavu, ili mafuta yasizibe shimo. Nyasi hizo zibadilishwe kila mara.

Askari yule alifikiri usiku kucha. Alikumbuka kwamba wakati wa kiangazi, tangi la mvua linapokauka, watoto wake nao huteka maji katika kisima kile kile. Kulipokucha alifukia shimo lile, akalaza bomba hadi upande mwingine wa mteremko kwenye migomba, akachimba upya. Vijana wa kijiji walimsaidia kubeba mawe. Likizo yake iliisha kabla ya kupaka nyumba rangi, naye akarudi kazini akiiacha hivyo hivyo. Rangi yaweza kungoja likizo ijayo.